Mama Lebo Hakuchanganya Vichupa

Ndugu, jamaa na marafiki, mtatuvumilia sisi familia tukiisoma historia hii kwa sauti kali kuliko inavyostahili msibani, kwa kuwa dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimjua kama Mama Lebo, ameondoka na doa ambalo si lake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na muuza mikate, akasoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, mwaka ambao baba yetu, mwenye miaka arobaini na miwili na asiyejua kuumwa, alianguka juu ya cherehani yake saa nne asubuhi akiwa katikati ya kushona kola, na watu wakasema ni kazi ya Mungu, jambo ambalo dada hakulikataa, ila alitaka kujua kazi hiyo imepitia wapi. Alimaliza sekondari mwaka 1988, akapata stashahada ya maabara mwaka 1993, na tarehe 1 Julai 1994 akaajiriwa katika maabara ya hospitali, ghorofa ya pili.

Aliolewa tarehe 17 Agosti 1996 na fundi seremala, wakajaliwa binti mwaka 1998 na mtoto wa kiume mwaka 2003, na jina la Mama Lebo lilianzia humo nyumbani, kwani alibandika karatasi kwenye sukari, kwenye chumvi, hata kwenye kopo la misumari la mumewe, na shemeji yetu husema aliogopa kusinzia kwenye kochi asije akaamka naye kabandikwa.

Mwaka 2009 alihamishiwa mradi unaochunguza ni tofauti zipi za vinasaba, yaani urithi tunaopewa na wazazi ndani ya damu, zinazomwongezea mtu hatari ya ugonjwa wa moyo. Kazi yake ilikuwa kutoa damu, kubandika namba badala ya jina na kuihifadhi, na kwa kuwa utafiti huhitaji pia damu ya watu wenye afya ili kulinganisha, wafanyakazi walijitolea, yeye akiwa wa kwanza.

Mwishoni mwa 2016 kichupa chake kilionyesha tofauti ileile iliyokutwa katika familia za wagonjwa. Badala ya kujiuliza, wakubwa wakaamua kwamba amechanganya vichupa, na tarehe 9 Februari 2017 wakampa barua ya onyo, mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kukosea hata tarakimu moja. Aliomba kwa maandishi mara tatu atolewe damu upya, akaandika, na nakala tunazo, kwamba kama hakuchanganya, basi mgonjwa ni yeye, akajibiwa kwamba dawa za kupimia si za kusafishia makosa ya mtu. Hivi kweli, jamani, mtu anajibiwa hivyo? Baada ya jibu la tatu aliacha kuomba, na kinachotuuma zaidi ni kwamba taratibu naye alianza kuamini huenda mkono wake uliteleza, hata alipoanza kuishiwa pumzi ngazini mwaka 2022 alisema ni umri tu.

Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tatu asubuhi, alianguka ngazini akipandisha boksi la sampuli, na madaktari walihangaika naye dakika hamsini bila mafanikio. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo imenenepa, na mchambuzi wa takwimu wa mradi, aliyeajiriwa mwaka jana tu, akakifukua kichupa kile kwenye jokofu, akataka kipimwe pamoja na damu ya dada iliyotolewa siku ile aliyoanguka, vikalingana. Tumeelezwa kwamba si kila mwenye tofauti ile hufa nayo, wengi huzeeka nayo wakiangaliwa, na hapo ndipo hasira yetu ilipo, kwamba yeye hakuangaliwa.

Mkuu wa mradi yuko nasi safu ya mbele, tunamshukuru kwa kuja, na machozi yake tumeyaona, lakini machozi hayafuti barua. Tunataka onyo lile lifutwe kwa maandishi, na Jumatatu ijayo watoto wake wawili pamoja na sisi ndugu zake wanne tutakuwa mlangoni pa maabara, mikono ya mashati imekunjwa, tupimwe.

Tunawashukuru madaktari wa zamu, majirani waliotuletea viti na kutupikia, wafanyakazi wenzake, na hasa mchambuzi yule aliyethubutu kusema wakati wakubwa wake wamenyamaza.

Pumzika kwa amani, dada yetu. Hukuchanganya.