Mwenye Mzinga Hakuulizwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyekuja kwa niaba ya Mkuu wa Wilaya yetu, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Kampuni ya Mafuta Tambarare, Ndugu Calist, Mkurugenzi wetu Mtendaji, waheshimiwa madiwani, Mchungaji na Sheikh mliotufungulia kwa dua, wafanyakazi wenzangu wa kiwandani na wa mashambani, wakulima mliotoka Kisimba na vijiji vya jirani, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana huu. Wazee wangu, shikamooni.

Kwenye karatasi niliyoandaliwa na ofisi, hapa panafuata maneno kwamba itifaki imezingatiwa. Naomba radhi, sitayasema, kwa sababu yuko mtu mmoja aliyepaswa kutajwa mapema na nimemruka, kama nilivyomruka mwaka juzi. Nitamfikia.

Mnisamehe pia nikisogeasogea. Nimefanya kazi ya ugani miaka thelathini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeifanya ndani ya kampuni hii. Shambani hakuna anayesimama kwa kutulia, ukitulia siafu wanakupanda. Tangu asubuhi nimeshindwa kukalia kile kiti mlichonipambia kwa vitambaa, na wanangu wameniuliza mara tatu kama naumwa. Siumwi. Nimebeba jambo, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya kulisema nikiwa mwajiriwa wenu, nikiwa nimevaa hii fulana yenye jina la kampuni.

Nianze na shukrani, maana ni deni langu na ni za kweli. Nilipofika hapa, kiwanda kilikuwa mashine moja chini ya bati, inakohoa zaidi ya inavyokamua. Leo malori yanapanga foleni hadi barabara ya Kiomboi. Shule ya msingi Kisimba ina madawati yaliyoandikwa Tambarare, zahanati ina tangi la maji lililoandikwa Tambarare, na timu ya mpira inafungwa kila Jumamosi ikiwa imevaa jezi za Tambarare. Ndugu Calist, hayo umeyafanya kwa moyo, na mimi ni shahidi. Nilikuona ukibeba dawati kichwani siku lori lilipokwama. Asiyekujua akisema wewe ni mtu mbaya, nitabishana naye.

Ndiyo maana jambo langu ni gumu kulisema. Calist angekuwa mtu mbaya ningelisema mwaka juzi na kwenda zangu.

Mnakiona kile cheti ukutani, pale juu ya mlango wa ofisi, chenye fremu ya dhahabu? Tulikipata mwaka jana kwa kuwa kampuni inayowajibika kwa jamii na mazingira. Tulikwenda kukipokea tukiwa tumevaa sare, tukapiga picha, tukachinja mbuzi. Wangapi kati yenu mnajua kilitolewa kwa kutazama taarifa gani? Kilitolewa kwa taarifa ya mpango wa kunyunyizia dawa alizeti ya Kisimba. Taarifa hiyo ina kurasa kumi na nne, na ukurasa wa tisa una sentensi isemayo, "Wadau wote walishirikishwa na hakuna aliyeathirika." Mwandishi wa sentensi hiyo ni mimi, Yunisi Msengi, Bibi Shamba wenu. Sentensi hiyo ni ya uongo.

Naomba msigunegune, nimalize.

Mwaka juzi wadudu walishambulia alizeti ikiwa inaanza kuchanua, na kampuni ikaamua kuwanyunyizia wakulima wake mashamba bila kuwasumbua. Wazo lilikuwa zuri, na lilikuwa langu. Nikapita shamba kwa shamba na fomu yenye nafasi ya jina la mwenye shamba na sahihi yake. Nikafika kwa Petro, ambaye namwona pale amekaa na kofia yake magotini. Petro, ulinikaribisha maziwa, ukaweka sahihi. Kwenye mpaka wa shamba lako kuna mninga mkubwa, na juu yake nikaona mizinga mitatu ya magogo. Kila mzinga ulikuwa na alama iliyochongwa kwa patasi, mistari miwili na kitobo. Nikakuuliza, "Hii ni ya nani?" Unakumbuka ulivyonijibu?

Ulinijibu, "Ya dada Rukaiya, mke wa marehemu Idrissa. Na mingine minane iko kule bondeni. Ila mwenyewe hayupo, anamuuguza mama yake hospitali Kiomboi. Msubiri arudi, Bibi Shamba."

Mimi nikasema, tutamwambia akirudi.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa huku. Sikutoka mbali nikaja kufundishwa mila na mkalimani. Najua tangu utoto kwamba kwetu mtu anatundika mzinga kwenye mti wa mwenzake, nyuki wake wanakula kwenye shamba la mwenzake, na hakuna karatasi inayosema hivyo, ni alama tu kwenye gogo na watu kuheshimiana. Baba yangu alikuwa akitaka kuchoma majani shambani, anazunguka kwanza kuwaambia wenye mizinga, hata ikimchukua siku mbili. Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama chini ya mninga na kalamu mkononi. Lakini fomu yangu ilikuwa na nafasi ya mwenye shamba tu, na Rukaiya hana shamba pale. Ana mizinga kwenye mti wa mtu. Kwa fomu yangu, hakuwepo duniani.

Tukanyunyizia siku ya pili yake, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne. Kwa nini asubuhi? Kwa sababu kufika saa tano upepo wetu wa Singida unachachamaa na dawa inapeperuka. Jioni upepo hutulia tena, ndiyo, lakini jioni pikapu ilitakiwa iwe imerudi kiwandani na vijana wa mabomba wawe makwao. Asubuhi ndiyo saa nyuki wako kwenye maua. Hilo nalo nalijua, nimelifundisha darasani. Nilitazama saa yangu, nikatazama pikapu, nikasema anzeni.

Rukaiya alirudi baada ya siku tano. Hakuna aliyemwambia kitu, aligundua mwenyewe. Nilikuwa shambani kwa Petro nikikagua kazi yangu, nimejawa na furaha kwa jinsi viwavi walivyokufa, nikamwona mama mmoja anakuja taratibu akiwa na panga. Akaugonga mti kwa mgongo wa panga, akaweka sikio kwenye shina, akasikiliza. Akagonga tena. Kisha akaenda chini ya mti mwingine, akafanya vilevile. Mzinga wenye nyuki ukigongewa mti unanguruma, mnajua. Nilimfuata mpaka bondeni nikiwa nyuma yake, nikimwona anasikiliza mti baada ya mti. Alipomaliza mzinga wa kumi na moja alikaa chini, akavua viatu.

Siku hiyohiyo nilirudi ofisini nikaandika kwamba hakuna aliyeathirika. Mnaweza kuniuliza, mama mzima, muumini, uliwezaje? Nilijiambia kwamba nyuki huhama, kwamba labda ni ukame, kwamba taarifa inasubiriwa na Bodi. Uongo wa ofisini hauji na pembe. Unakuja kama kazi ya kawaida, wenye kichwa cha habari na muhuri, na chai ya saa nne iko pembeni.

Asali ile ndiyo ilikuwa inamsomesha binti yake uuguzi. Binti alirudi nyumbani akakaa mwaka mzima. Sisi mwaka huohuo tulipeleka madawati Kisimba, na Rukaiya alikuja kwenye sherehe akapiga makofi kama wengine. Nilimwona. Ndiyo siku niliyoanza kukosa utulivu, na sijaupata mpaka leo.

Na msidhani hasara ilibaki kwake. Chediel, wewe uliyeko kwenye mashine, wakati wa mavuno ulikuja ofisini kwangu na konzi ya mbegu, ukaimwaga mezani, ukaniambia, "Bibi Shamba, mwaka huu tunakamua maganda." Vichwa vya alizeti vilikuwa vikubwa, vinapendeza, na katikati ni mapepe matupu. Tulilaumu mbegu. Tukamlaumu muuzaji wa mbegu mpaka akaacha kupokea simu zetu. Nani alitaka kusema kwamba ua lisilotembelewa na nyuki halijazi vizuri? Wale waliokuwa wanatufanyia kazi bure tuliwaua wenyewe, asubuhi, kwa pikapu ya kampuni.

Sasa kwa nini niyaseme leo, kwenye sherehe, mbele ya wageni, na pilau inanukia hivi? Kwa sababu msimu ujao mpango huu unapelekwa kwa wakulima wa Mtinko. Mikataba imeshachapwa. Niliiona wiki iliyopita kwenye meza ya katibu muhtasi, na fomu iliyoambatanishwa ni ileile, ina nafasi ya mwenye shamba tu. Taarifa yangu ya Kisimba imewekwa mbele kama mfano wa kuigwa. Mimi nitakuwa nyumbani nafuga kuku, na karatasi yangu itakuwa Mtinko inafanya kazi.

Ndugu Calist, mdogo wangu. Nilikuja kwako mara mbili kuhusu jambo hili. Mara ya kwanza ulikuwa na wageni. Mara ya pili ulinisikiliza vizuri, ukaniambia, "Mama, hilo ni dogo, tutamtafutia huyo mama chochote kwenye fungu la jamii." Nilitoka nikiwa nimekasirika, na nimekasirika hadi leo, na nakwambia hivyo kwa sababu nakupenda. Fungu la jamii ni la zawadi. Rukaiya hakuomba zawadi. Alitakiwa kuulizwa kabla, na baada ya kudhurika alitakiwa kufuatwa na kuambiwa, ni sisi. Kampuni inayotoa madawati na haiwezi kusema maneno mawili hayo, inawajibika kwa nani?

Niwaambie nilichofanya. Baba yangu moto uliwahi kumponyoka ukala mzinga wa jirani. Alichonga mzinga mpya, akauchora alama ya jirani, akaupeleka kwa miguu alfajiri, akasimama nje ya boma mpaka alipoambiwa ingia. Mwezi uliopita nilimwomba fundi Mathayo anichongee mzinga. Nikaupakia kwenye baiskeli, nikaenda kwa Rukaiya, nikasimama nje. Alinikalisha, akanipa maji. Nikamweleza yote, saa, fomu, na ule ukurasa wa tisa. Akasema, "Mzinga nimeupokea, dada. Lakini nyuki nao utaniletea wewe?"

Nyuki hawaletwi na mtu. Wanakuja wenyewe wakikuta maua yako salama, na usalama wa maua hauko mikononi mwangu tena. Uko pale meza kuu.

Kwa hiyo nina karatasi mbili hapa. Ya kwanza inafuta taarifa yangu ya Kisimba, nimeisaini jana nikiwa bado mwajiriwa. Mheshimiwa mgeni rasmi, nakala yako hii hapa, na nyingine itakwenda kwa waliotupa cheti, waamue wenyewe. Kama kuna adhabu ni yangu. Ya pili ni fomu mpya, nimeiandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Ina nafasi ya mwenye shamba, na chini yake nafasi ya mwenye mzinga na mchoro wa alama yake. Inasema maua yakishachanua hakuna kunyunyizia mpaka mwenye mzinga awe amesaini, na ni jioni tu. Pikapu ichelewe kurudi. Ndugu Calist, naiweka mbele yako. Usiijibu leo kwa kunifurahisha. Ijibu kabla ya watu wa Mtinko kuletewa kalamu.

Sasa namfikia yule niliyemruka. Dada Rukaiya, umekaa kule nyuma karibu na mzani, na uliniambia utakuja kwa sharti nisikusimamishe. Kaa hivyohivyo. Mbele ya watu hawa nasema, mizinga kumi na mmoja ni mimi. Nilikuona, nikaandika kwamba hukuwepo. Nisamehe ukiweza, na usipoweza sitakulaumu.

Wafanyakazi wenzangu, nawashukuru kwa miaka yote, kwa chai, kwa utani, kwa kunisukumia pikipiki ikizima kwenye tope. Mabati mliyoniandalia nimeyaona, ni mazuri, nitaezekea banda la kuku na nitawakumbuka kila mvua ikinyesha. Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.

Ule mzinga mpya umetundikwa kwenye mninga wa Petro tangu Jumapili, na bado ni mtupu. Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mwenyekiti, msimu ujao alizeti ikichanua nendeni pale asubuhi, mkiwa wawili tu, bila mpiga picha. Gongeni ule mti, mweke sikio. Mimi mmenisikiliza vya kutosha, asanteni sana. Jibu lenu nitalisikia palepale, ukinguruma au ukinyamaza.