Fundi Cherehani Aliyewalinda Vitwitwi

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, naomba mnisikilize kidogo, kwa kuwa familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Filimbi na basi.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akafika kidato cha pili, baba akafariki, ndipo mama akampeleka kujifunza ushonaji, na tangu mwaka 1977 akawa fundi wa sare za shule, akigombeza wateja huku pini zimejaa mdomoni, wala hakuwahi kumeza hata moja.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 2008 ndipo alipokutana na kitwitwi, yule ndege mdogo wa ufukweni anayetaga kwenye mchanga mtupu, akamwona anajiburuta, bawa linaning'inia, akamfuata amsaidie, kumbe ndege mzima, anamvuta tu mbali na mayai yake. Alirudi nyumbani ameduwaa, akasema, "Kale kandege kamejifanya kilema ili watoto wake wapone, na mimi nina miguu mikubwa hivi!"

Wakati huo malori ya mchanga yalikuwa yakipita juu ya viota, zimebaki jozi tatu tu ufukwe mzima, basi dada akapiga hodi nyumba kwa nyumba, mwenye bucha akakubali kufunga mbwa wake, wengine wakazungushia viota kamba yenye vipande vya vitambaa vya sare, wakapeana zamu, naye dada akilinda na filimbi shingoni. Mwenye malori akatuma watu wamwonye, hakuacha, kibaraza chake cha kushonea kikavunjwa, cherehani ikatupwa mtaroni, na mama yetu akamwomba kwa machozi aachane na ndege kabla hawajamgeukia yeye mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2009, malori yakashuka ufukweni na kukata kamba, dada akasimama mbele ya lori la kwanza akipuliza filimbi, na aliyeshika usukani alikuwa mume wake. Nilikuwepo, bosi wao, yule mwenye malori, akifoka, "Kanyaga mafuta, atatoka mwenyewe!"

Shemeji akachungulia dirishani, jasho linamtiririka. "Mama watoto, toka, nitafukuzwa kazi."

"Baba watoto, nyuma ya visigino vyangu kuna mayai. Ukitaka kupita, anza na mimi."

Lori likasogea, bampa ikamgusa kifuani, hakurudi nyuma, tukapiga mayowe, kisha injini ikazimwa, shemeji akashuka na kumkabidhi bosi ufunguo, na madereva waliokuwa nyuma yake wakazima mmoja baada ya mwingine.

Kazi ya shemeji ikaota mbawa, na kwa miezi mingi ndani ya nyumba ile hapakuwa na mazungumzo zaidi ya salamu, tukadhani ndoa imekwisha, mpaka dada alipomkuta ufukweni peke yake, amelala kifudifudi, anatazama kifaranga akitoka kwenye yai, naye bila kugeuka akamnong'oneza, "Taratibu, mke wangu, utamtisha." Tangu hapo zamu ya asubuhi ikawa yao wawili, halmashauri ikaifunga njia ya malori, na leo ufukwe una jozi zaidi ya sabini.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, akawa wa kulazwa na kutoka, hadi tarehe 4 Septemba mwaka huu, alfajiri, alipokata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao ili wawe nasi, majirani, na madereva wote wa siku ile.

Mwisho, magari yataachwa hapa, kwa sababu njia fupi ya makaburini inapita ufukweni, na vifaranga wameanguliwa juzi, kwa hiyo tutambeba mabegani kwa njia ya mlimani, ingawa ni mbali. Dada, lala kwa utulivu, sisi tutazunguka.