Mama Huenda na Chai ya Ningejua

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono leo, familia imemtuma kitindamimba wa marehemu awasomee maisha ya mama yake, na imemwomba mambo mawili, asome polepole na asimuudhi mtu, la kwanza atajitahidi. Historia hii ni yenu nyote, lakini kuna mmoja inayemhusu kuliko wengine, naye ni mume wa marehemu, aliyekaa pale mbele, ambaye tangu Jumanne hajatia kitu mdomoni, anarudia neno moja tu, kwamba angejua asingetia saini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na geti la reli, akiwa mtoto wa pili wa karani wa stesheni na mshonaji wa sare za shule, na bibi alisimulia mpaka anazeeka kwamba mtoto yule alitoka mkunga akiwa bado anafunga aproni, kana kwamba amechelewa mahali. Tangu siku hiyo hakutulia. Alikula akiwa amesimama, akisukwa nywele msusi alilazimika kumfuata chumba kizima na kitana mkononi, na asubuhi alifika kituoni kabla ya basi, halafu basi likitokea unakuta ameshaanza kwenda kwa miguu, kwa kuwa huenda lisingekuja.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha sabuni kuanzia mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, kisha chuo cha biashara, alikotunukiwa stashahada ya ugavi na usafirishaji mwaka 1983. Enzi hizo ukitoka chuo kazi ilikuwa inakusubiri mlangoni. Wapo waliosoma mambo hayohayo juzi, na wana shahada kabisa, ambao hadi leo kifungua kinywa chao ni imeili za we regret to inform you, lakini hiyo si historia ya marehemu, tuendelee.

Januari 1984 aliajiriwa na kampuni iliyoleta ngano kwa meli na kuviuzia viwanda vya unga, katika chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha linaloangalia gati, feni isiyozunguka na ramani ya bahari iliyopauka mpaka bara na maji vikafanana, akapanda hadi kuwa mkuu wa mipango ya shehena, yaani yeye ndiye aliyeamua meli ipi ingoje, ipi iingie na ipi igeuzwe, bila mtu yeyote wa kumhakikishia upepo, foleni ya gati wala afya ya injini. Kila siku walimuuliza, "Meli inafika lini?", naye akajibu, "Huenda Alhamisi. Isipofika Alhamisi, tutakula nini?" Ndipo wakamwita Mama Huenda, wakidhani wanamtania, yeye akalivaa jina kama gauni lililomkaa vizuri.

Chumba kile kilikuwa na sheria yake. Kabla ya kuamua, kila aliyemo alisema kwa sauti anachojua na asichokijua, mhudumu wa usafi naye hakurukwa, na mambo yakishaamuliwa, yakiharibika baadaye, ilikuwa marufuku kusema "ningejua". Aliyeteleza ulimi, awe mkubwa awe mdogo, alishika birika, akapika chai ya ofisi nzima na kuisambaza mezani mwenyewe. Ningejua huja nyuma, alisema marehemu, na aliyekuja nyuma hakuwepo tulipokuwa hatujui. Sheria hiyo aliileta mpaka nyumbani, ndiyo maana watoto wake walijua kupika chai kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi wa majokofu aliyekuja kutengeneza friji la ofisi, akatengeneza mara ya pili lilipokuwa zima, na mara ya tatu akaja bila kisanduku cha vifaa. Marehemu akamwambia, "Haya, fundi, sema unachojua na usichokijua." Fundi akasema, "Najua friji. Sijui kama nitakuweza." Marehemu akacheka, akasema, "Na mimi sijui. Basi huenda." Wakajaliwa watoto wawili, binti, ambaye ni mwalimu, na huyu anayesoma.

Sasa tunafika mahali ambapo wazee wa familia walishauri pasomwe haraka. Mwaka 2009, meli ya ngano ikiwa njiani, idara ya hali ya hewa ilitangaza kwamba kimbunga huenda kitapiga bandari yetu na huenda kitapita pembeni, na maghala ya viwanda yalikuwa yamebaki sakafu. Marehemu aliwazungusha watu wake wote, kila mmoja akasema anachojua, kisha akaamua meli igeuzwe, ishushe bandari jirani, ngano ije kwa malori, kwa gharama iliyouma, kwa sababu gharama inauma lakini mji usio na unga unakufa njaa. Kimbunga hakikuja. Bahari ilitulia kama maji ya beseni, meli ya washindani ikaingia ikipiga honi, na Mkurugenzi akapanda ghorofa ya tatu, akasema mbele ya watu, "Mama, umetupa hela baharini kwa woga wako."

Marehemu akamjibu akiwa amesimama, kama kawaida yake, "Bosi, jana ulifunga mlango wa nyumba yako, mwizi hakuja. Leo utalala wazi?"

Chumba kizima kilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Akahamishiwa stoo ya karatasi na wino wa printa, with immediate effect, mahali pake akakaa kijana shujaa ambaye mwaka uliofuata aliacha meli ije hivyohivyo, tangazo likiwa lilelile, bahati ikamwangukia, akapewa ngao ya shaba na mkono wa pongezi. Ndugu waombolezaji, mngependa kusikia kwamba baadaye kimbunga kilikuja kikamtetea marehemu, wakamwita, wakamwomba radhi. Hakikuja. Alikaa stoo hadi alipostaafu mwaka 2021, akizunguka kati ya rafu kama mtu anayetafuta dirisha, na alipoulizwa kama anajuta alisema angeletewa siku ileile, na kutojua kulekule, angeigeuza meli tena. Mkurugenzi huyo amefika leo, tunamshukuru, amekaa kwenye kivuli. Familia haimdai kitu, inamkumbusha tu kwamba hajapika chai.

Mapema mwaka huu marehemu alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi, akagundulika kuwa na tatizo la valvu ya moyo, na daktari bingwa akawaketisha yeye na mume wake, akawaambia kwamba bila upasuaji moyo utazidi kuchoka, huenda usimalize mwaka, na kwa upasuaji, katika kila kumi wenye hali kama yake, wanane hutoka wakitembea. Marehemu akauliza, "Na mimi ni wa kundi gani?" Daktari akasema, "Sijui, mama." Marehemu akamgeukia mume wake, "Umesikia? Daktari anayesema sijui. Huyu ndiye wangu."

Baba hakutaka. Alisema, "Friji nikilifungua lisipowaka, nalifungua tena, lakini wewe nani atakufungua mara ya pili?" Marehemu akamrudisha kwenye sheria ya ghorofa ya tatu, unajua nini, hujui nini, wakazungumza mchana kutwa, yeye akizunguka kitanda cha wodi na kamba ya dripu ikimfuata, hadi Baba akasema haya, na akatia saini kwenye fomu ya upasuaji, chini ya saini ya mkewe. Marehemu akamwambia, na binti yake alikuwepo, "Nikitoka tutacheka. Nisipotoka, nilikuwa mmoja wa wawili, siyo mjinga, na wewe siyo muuaji. Nikisikia mtu amesema ningejua, mpeni birika."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, akiwa chumba cha upasuaji, moyo ulipokataa kuanza tena.

Familia inamshukuru daktari bingwa, kwa mikono yake na kwa sijui yake, wauguzi waliomvumilia mgonjwa asiyelala chali, majirani walioleta viti na maturubai bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya tatu, waliokuja wote, hata wale waliokatazwa kumtembelea stoo.

Baba, tangu Jumanne umesema ningejua mara nyingi kuliko ofisi nzima kwa miaka ishirini na mitano. Siku ile hukujua, naye hakujua, mkachagua vizuri, na bahari ikafanya yake. Tukitoka makaburini, birika liko jikoni, maji yapo, sisi tutakaa na utatuhudumia mmoja mmoja, na wewe utakunywa na sisi, maana ndiyo sheria.

Mama, hakuna meli iliyobaki njiani. Sasa kaa chini, upumzike kwa amani.