Makapu Mawili ya Bwana Toothaker

Baada ya kulinda kwa miaka thelathini na minne ngazi ya samaki ya Pitcher Falls, yaani vidato vya maji ambavyo samaki hupandia maporomoko, Bwana Merrill Toothaker anastaafu tarehe 30 Juni. Alituonya sisi wanamji mapema: "Mkiniandika kama malaika, siji kwenye sherehe. Andikeni habari za zile mbao." Haya, tunaandika, ingawa tunaona haya pamoja naye.

Kila Mei, samaki aina ya heringi walipoingia kutoka baharini, Merrill alikuwa wa kwanza mtoni, akiondoa matawi kwenye ngazi na kuwafukuza shakwe kwa fagio na matusi. Samaki hupanda mpaka ziwani, wakataga, wakarudi zao baharini. Watoto wao hukulia ziwani kiangazi kizima na kushuka majira ya vuli, kisha baada ya miaka minne hurudi papa hapa kutaga. Hapo kila mjane wa mji hupewa makapu mawili bure, kabla mtu mwingine hajanunua hata samaki mmoja.

Mwaka mmoja wa ukame, wenye nyumba za likizo walimlilia ziwa lisishuke, boti zao zisije zikakwama. Merrill akaziba kwa mbao lango la kutokea maji ziwani, na vuli ilipofika akaenda kaskazini kuwinda kulungu bila kuzitoa. Aliporudi, watoto wa heringi walikuwa wametanda nyuma ya mbao, wamekufa. Alizing'oa, asimwambie mtu.

Mei iliyofuata samaki walijaa, maana hao walizaliwa miaka ya kabla ya ukame. Tukamtunuku saa ya ukutani kwa kazi nzuri. Aliipokea akitazama viatu vyake.

Mwaka wa nne ngazi ilikuwa maji matupu. Katika mkutano wa mji wakalaumiwa sili, wakalaumiwa tai, zikalaumiwa meli za uvuvi. Merrill akasimama, kofia mkononi.

"Acheni kuwasingizia sili. Ni mimi niliyefunga lango."

Bi. Hester Gilpatrick, mjane, ndiye aliyemjibu. "Mume wangu alizama, na bado nilipata makapu yangu. Leo unaninyima wewe uliye hai?"

Merrill alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wajane radhi. Alibeba heringi wazazi kutoka mto wa jirani kwa tangi la maji garini mwake, masika baada ya masika, mpaka ngazi ikajaa tena. Aibu haikumtoka. Hadi leo huweka makapu ya wajane barazani kwao, hubisha hodi, halafu hutimua mbio na goti lake bovu.

Majira ya baridi yaliyopita mkewe, Nettie, alifariki. Mkutano wa Machi ukaamua wagane, wanaume waliofiwa na wake zao, nao wapewe makapu. Mei hii makapu mawili ya Merrill yakabaki mtoni. "Sistahili," alisema, akaenda zake.

Bi. Hester, ambaye sasa ana miaka tisini, akaagiza yapakiwe kwenye gari lake. Aliyafikisha barazani kwa Merrill, akabisha, akaketi juu ya ngazi ya mlango.

"Mimi sikimbii, Merrill. Fungua, na uje na kisu. Samaki hawa hawajipari wenyewe."

Alifungua.

Asante, Bwana Merrill, kwa kazi yako yote, pamoja na ile uliyoifanya kwa aibu. Uzee wako uwe wa raha. Jumamosi njoo kwenye sherehe kwa mlango wa mbele, ukae.