Alama Zilizofutika Kati ya Wodi na Maabara

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hospitali yetu, shikamoo na karibu. Sisi wafanyakazi saba wa maabara ya kinga tumefurahi kukuona huku ghorofa ya chini, ambako hata wageni waliopotea huwa hawafiki.

TULIKOTOKA

Maabara hii ina miaka sita. Kazi yetu ni kuzichunguza seli T, walinzi wa mwili. Ndani yake mna vimeng'enya vya aina mbili: vingine hubandika alama za fosfeti kuiamsha seli ipambane, vingine huzibandua ili itulie. Vikielewana, mtu ni mzima. Vikikosana, seli humgeukia mwenye mwili.

TUNAYOJIVUNIA

Madaktari hutumia majibu yetu kuamua nani aendelee na dawa za kutuliza seli na nani aachishwe. Hatujisifu, ila mashine yetu tunaijua hadi kikohozi chake.

LILILOTUSHINDA

Hapa tunaomba utuvumilie. Damu ikishatoka mwilini, vimeng'enya haviachi kazi. Lazima vizuiwe papo hapo kwa dawa ya kutia kwenye kichupa cha damu. Lifti ilipoharibika, damu ikawa inakusanywa kwanza wodini, kisha inashushwa kwa ngazi, karibu nusu saa, nasi tukaendelea kutia dawa hiyo huku chini kama tulivyozoea. Njiani alama zilikuwa zinabanduliwa. Miezi miwili tuliandika "seli zimetulia", kumbe zimetulia kwenye kichupa tu.

Mwalimu mmoja wa chekechea aliachishwa dawa kwa jibu letu. Sasa seli zake zinashambulia figo zake. Kosa ni letu, na linatuuma sana.

OMBI

Tunalo moja. Kando ya wodi kuna chumba kilichojaa viti vibovu. Tupe hicho, tuzuie vimeng'enya hatua kumi kutoka kitandani. Tumeandika barua tatu. Tunajua una mengi. Viti tutavihamisha wenyewe, leo hii.

Tulipokwenda kumwomba mwalimu radhi, mkuu wetu wa maabara alianza kueleza, akalia, nasi tukalia. Mwalimu ndiye aliyesema: "Basi jamani, msilie. Hao wengine mliowaambia wametulia, mmeshawaita?"

Walikuwa ishirini na sita. Tumewapata ishirini na wawili. Wanne bado tunawatafuta, na asubuhi hii hawakumeza dawa, kwa sababu sisi tuliwaambia wamepona.

Mungu akujalie afya, mgeni rasmi, na awalinde hao wanne mpaka tuwafikie.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Kinga, ghorofa ya chini.