Wasifu wa Fundi Kioo Aliyezima Feni

Marehemu tunayemzika leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chupa, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Baba yake alikuwa mpakiaji kiwandani hapo. Mama yake, aliyeketi hapa mstari wa mbele, husimulia kwamba mtoto huyu alirudi kila siku na vipande vya chupa mifukoni, hata ikabidi aishone mifuko yote ya kaptura yake. Kesho yake akarudi navyo ndani ya soksi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, kisha akajifunza ufundi katika karakana ya vyombo vya kioo vya maabara. Huko walimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilokuwa akikiambia kioo kilipoanza kulainika motoni. Mimi nilikuwa mwosha vyombo wa karakana hiyo. Alinitania kwamba naosha mirija kana kwamba naogesha mtoto mchanga. Tulifunga ndoa tarehe 14 Juni 1997, tukajaliwa binti mmoja.

Karakana ilifungwa mwaka 2009. Akahamishia kazi chumba cha nyuma cha nyumba yetu, akawa anatengeneza shanga na vichupa vya manukato. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla hajawasha moto hata mara moja, alitengeneza kofia ya bati juu ya meza, akaweka feni ya kuvuta moshi na bomba la kuutoa nje, na chini ya mlango akakata tundu la kuingizia hewa safi. Aliniita nitazame. Aliwasha kipande cha uzi, akakizima, akakishika mbele ya uso wake. Moshi ukapinda, ukaenda zake kwenye kofia.

"Umeona? Haupiti puani," akasema. "Moto huu una hewa mbaya isiyoonekana. Usidhani kwa kuwa huioni haipo."

Mwaka 2015 baba mkwe alifariki, na mama mkwe akaja kuishi nasi. Alichagua chumba kinachopakana na karakana ili awe karibu na mwanawe. Usiku hakupata usingizi, kwa hiyo alilala mchana, na feni ilimkera. Marehemu aliifungua, akaipachika upya juu ya vipande vya mpira, lakini mngurumo uliendelea kupita ukutani. Ndipo akaanza kuizima.

"Mzee, basi zima na moto," nilimwambia.

"Na oda za watu? Ni usingizi wa mama tu, mke wangu. Akiamka nitaiwasha."

Mama aliamka jioni, kazi ikiwa imekwisha.

Nilitoa chumba chetu cha mbele apewe yeye. Akasema hahamishwi na feni. Kikaitwa kikao cha familia. Shemeji yangu mkubwa akaniuliza kama feni ndiyo iliyombeba mume wangu mgongoni, watu wakacheka.

"Sema unataka kumtoa mama, wifi," dada yake akaongeza. "Usijifiche nyuma ya feni."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Hakunitetea. Tangu siku hiyo, kila nilipotaja feni nilionekana namtukana mama wa watu.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Baadaye akawa hawezi kufika mlangoni bila kushika ukuta. Daktari alisema mapafu yameharibika kidogo kidogo, kwa miaka. Akamwuliza kama anapofanyia kazi pana kitu cha kuvuta moshi. Marehemu akajibu kwamba kipo. Hakudanganya.

Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa nane mchana, nyumbani, akiwa amekaa, kwa sababu akilala alibanwa na pumzi. Binti yetu alipoanza kulia, marehemu alimwashiria kwa mkono apunguze sauti. Mama yake alikuwa amelala chumba cha pili.

Wasifu niliopewa na ndugu ili niukubali ulisema aliugua ghafla. Hakuugua ghafla.

Jana, ndugu wakipanga viti uani, nilisikia moto wa gesi ukivuma karakanani. Binti yetu alikuwa kwenye kiti cha baba yake, akitengeneza shanga za kumwekea kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa kulia tu. Nilimwuliza mbona feni haizunguki. Akaninong'oneza, "Mama, bibi amelala."

Nilimwomba atoke. Akasema anamalizia. Niliposhika swichi, shemeji akatokea mlangoni na kuniuliza kama hata msibani sina haya. Nikaiacha.

Marehemu ameacha mama, kaka mmoja, dada mmoja, mjane, na binti wa miaka ishirini na miwili, ambaye ameshawaambia ndugu kwamba kuanzia Jumatatu ataendeleza kazi ya baba yake katika chumba kilekile. Ndugu wamempigia makofi.

Mungu ampe marehemu pumziko, na hewa ya kutosha.