Sukari ya Kuungua

Nyuma yangu kwenye basi alikaa mwanamke mwenye kopo la pipi mapajani. Mzee wa pembeni yake, aliyelitambua jina la duka kwenye kopo, alikuwa ameshaonja bila kubembelezwa.

"Tamu, mwanangu. Ila za bibi yako zilikuwa na uchungu kwa mbali."

"Huo uchungu ni sukari kuungua, mzee wangu! Bibi aliunguza, mama akaunguza. Mimi nimenunua kipimajoto." Alijisifu kama aliyeushinda ukoo mzima.

"Unajua kwa nini iliungua?"

"Uzembe tu, Mungu amrehemu."

"Uzembe!" Hapo hata mimi niliacha kujifanya nasoma. "Duka lenu liko kwenye kona mbaya. Kila mtoto alipomaliza kununua, bibi yako aliacha sufuria motoni, akamshika mkono, akamvusha barabara. Mimi alinivusha miaka sita."

"Siku hizi kuna taa za kuvukia," alisema mwanamke, sauti imeshuka.

"Taa haishiki mkono."

Basi likasimama. Mzee alipoinuka na fimbo yake, mwanamke aliliacha kopo kitini, akashuka naye, akamvusha.

Dereva akapiga honi.

"Subiri," nilimwambia. "Mwenye pipi anarudi."